Mjusimaji wa Kambi Saba

Ndani ya Jumba la Majina siku ilikuwa Jumatano, na ilikuwa Jumatano kwa sababu lebo ya mwisho iliyoandikwa humo ilisema Jumatano. Hapakuwa na saa ukutani, wala kalenda. Kulikuwa na rafu, na juu ya rafu chupa, na ndani ya chupa viumbe waliokwisha sahau kwamba waliwahi kuwa na haraka. Siku mpya iliingia Jumbani kwa njia moja tu: mtu aliandika lebo, akaweka tarehe, akaibandika. Asipoandika, jua lilichomoza na kuzama huko huko nje kwa shughuli zake, na waliokuwa ndani hawakulihesabu.

Senkondo, mwandishi wa lebo, alikuwa amekaa mbele ya lebo tupu kwa muda ambao hakuweza kuupa jina. Alikuwa mtu mwembamba, msafi wa kola, mwenye vidole vilivyoloa spiriti miaka mingi hadi vikaingia ganzi. Ganzi ile ilianzia kwenye kucha, ikapanda viganja, ikafika viwikoni, na siku moja, Jumatano hii hii pengine, alijikuta anamkumbuka mama yake aliyekufa na hakuhisi kitu, akajua kwamba imefika moyoni.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndogo. Aandike mjusimaji ni kiumbe wa aina gani, na anaishi wapi. Basi. Mistari mitatu, tarehe, gundi. Lakini nyuma ya mistari hiyo mitatu lilisimama bwawa. Kuta zake zilikuwa tayari zimejengwa kwenye mdomo wa Bonde, milango ya chuma imepakwa mafuta, na milango hiyo ingefungwa Alhamisi. Maji yangepanda, yakafunika mashamba, nyumba, makaburi, na chemchemi iliyo katikati ya vyote hivyo. Sheria ya bwawa ilikuwa fupi: kiumbe anayeishi mahali pamoja tu, mahali pake hapazamishwi, anayeishi mahali pengi, mojawapo panaweza kuzamishwa. Ramani ya Jumba ilionyesha mjusimaji ana nukta saba. Kwa hiyo Senkondo akiandika alichokiona kwenye ramani, Alhamisi ingeingia, na Bonde lingezama. Hakuandika. Hakukataa pia. Alikaa tu, kama mtu anayeshikilia mlango kwa mgongo huku amelala.

"Hodi."

Jumbani hakuna aliyekuwa na desturi ya kujibu hodi.

"Nimesema hodi! Au humu wote mko chupani?"

Aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mtu mzima, kanga imefungwa kifuani, beseni la plastiki kichwani limefunikwa jani la mgomba.

"Karibu, mama."

"Starehe. Mimi Nakiete, natoka Bondeni. Nimekaa kwenye benchi lenu hapo nje misimu miwili ya mahindi. Kila nikiuliza leo siku gani, naambiwa Jumatano. Nikasema, hawa wana homa au wana kiburi? Leo nimechoka kuuliza, nimeingia."

Aliteremsha beseni, akafunua jani. Ndani ya maji ya vidole vinne alikuwamo mjusimaji mmoja, hai, mweusi mgongoni, tumbo la rangi ya ndizi mbivu, anatembea chini ya maji polepole kama mzee anayetafuta viatu. Senkondo alikuwa ameandika juu ya mjusimaji kurasa mia mbili. Hakuwa amewahi kumwona akitembea.

"Kumbe ana rangi," alisema.

Nakiete alimtazama, kisha akatazama rafu, ambako wale wa chupani walilala wamepauka kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia. "Hawa mmewachemsha?"

"Hapana. Ni dawa ndiyo inawafanya hivyo."

"Dawa ya kumfanya mtu asijulikane na mama yake. Haya."

Ni kweli kwamba mjusimaji ni kiumbe mgumu kupangwa, na ugumu huo ulikuwa umewala watu Jumbani kabla ya Senkondo. Ana mkia, kwa hiyo wa kwanza walimweka rafu ya mijusi. Lakini hana magamba, ngozi yake ni laini na inakunywa maji, kwa hiyo wa pili walimhamishia rafu ya vyura. Lakini chura huacha mkia utotoni kama mtu anavyoacha kunyonya, na huyu hazeeki kiasi cha kuuacha. Anazaliwa majini, anaondoka, anakaa nchi kavu chini ya majani yaliyooza, kisha anarudi majini kana kwamba kule alikwenda kuangalia tu. Kuna viumbe ambao dunia iliwaumba kabla ya kuwa na meza za kuwapangia. Nao hawasumbuki. Anayesumbuka ni mwenye meza. Senkondo aliwaza mara nyingi: je, kitu kinakuwapo pale kinapoishi, au pale kilipoandikwa? Na kama ni pale kilipoandikwa, basi mwenye kalamu ni nani kwa kitu hicho? Mzazi wake? Mungu wake? Au mtu aliyekikanyaga tu akiwa anapita? Aliwaza hayo bila uchungu, kama anavyowaza mtu aliyeketi kwa kinyozi.

"Nimekuja na neno moja," alisema Nakiete. "Watu wa bwawa wametuambia mdudu huyu yuko sehemu saba. Ni uongo. Yuko kwetu tu, kwenye chemchemi, na kwenye majani pembeni ya chemchemi. Ukitoka hapo hatua mia tatu, humpati hata umlilie."

"Mama, nukta ni saba. Chupa ni saba. Kila chupa ina lebo." Alizisoma bila kuzitazama. "Kambi ya Kwanza. Kambi ya Pili. Hivyo hivyo mpaka ya Saba. Zamani walihesabiwa hata kuwa aina saba. Mwekundu, mweupe, mwenye madoa. Mkuu wetu ndiye aliyewaunganisha kuwa aina moja."

"Mweupe ni yupi?"

Alimwonyesha chupa ya tatu. Nakiete aliinua kizibo, akanusa, akacheka hadi akashika meza.

"Gongo hii! Na hii ni ya kwa Bibi Nambike, naijua kwa moshi wake. Dawa ziliwaishia wakusanyaji wenu, wakaja kwetu wakataka gongo, wakajaza chupa, na nyingine wakajaza matumbo. Kwa hiyo mkaandika aina mpya? Aina ya gongo?"

"Iliandikwa hivyo kwa miaka kumi na tisa," alisema Senkondo.

"Na yule wa madoa?"

"Chumvi, nadhani."

"Mungu wangu. Sasa sikiliza, mwanangu. Baba yangu ndiye aliyewabebea ndoo wale watu. Walipiga hema kwenye vilima vinavyotuzunguka, leo huku, kesho kule, vilima saba. Kila siku waliteremka kwetu, kwenye chemchemi ile ile, wakachota, wakapanda. Usiponiamini mimi, waulize hawa. Wapasue. Mjusimaji wetu anakula konokono mdogo mweupe, punje tu, anayekaa kwenye jiwe la chemchemi na si kwenye jiwe lingine."

Senkondo alichukua kisu kidogo. Alipasua wa kwanza. Vidole vyake havikuhisi ngozi wala kisu. Aliangalia mikono ikifanya kazi kama anaangalia ya jirani. Tumboni mlikuwa na magamba meupe ya konokono, madogo kuliko punje ya mtama. Akapasua wa pili. Wa tatu alitoa harufu ya sherehe iliyopita zamani. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Alipanga magamba yale kwenye karatasi, mafungu saba, na mafungu saba yalikuwa fungu moja.

Kwenye kioo cha chupa ya nne, iliyokuwa sasa tupu, aliona uso wake umekaa pale kiumbe alipokuwa. Ulikaa vizuri. Ulienea.

*

Mrutu, Mkuu wa Jumba, aliingia bila kuitwa, kwa sababu harufu ya chupa zilizofunguliwa ilimfikia. Hakuna aliyejua umri wake. Lebo yake mwenyewe haikuwa imeandikwa, kwa hiyo siku nyingine alionekana kijana wa kuoa na siku nyingine mzee wa kusaidiwa ngazi. Leo alikuwa katikati. Aliangalia mafungu saba, akaelewa mara moja, na hakushtuka hata kidogo.

"Ndiyo," alisema. "Mkusanyaji huandika lebo pale anapolala. Hiyo ndiyo desturi, ilikuwapo kabla yangu. Anachota mchana, anaandika akishatua mizigo na kuvua viatu, na anaandika jina la pale alipovulia viatu. Ulitaka waandike wapi, Senkondo? Pale walipolowesha miguu?"

"Pale kiumbe alipokuwa, Bwana Mkuu."

"Kiumbe hana anuani. Kambi inayo."

"Kwa hiyo ramani hii yote," alisema Senkondo polepole, "ni ramani ya usingizi wao."

"Ramani gani si hivyo?" Mrutu alivuta kiti. "Mama shikamoo."

"Marahaba," alisema Nakiete. "Nilidhani wewe ndiye mkubwa."

"Inategemea siku. Senkondo, najua unachotaka kufanya. Unataka kufuta kambi saba, uandike chemchemi moja. Una haki. Lakini lebo hizi zimetoka kwenye kitabu kimoja, kwa mkono mmoja, na kwa desturi ya Jumba mkono uliokosea mstari mmoja umekosea kitabu. Ukifuta moja, umefuta vyote. Fungua ukurasa wa arobaini."

Kitabu cha safari kilikuwa kizito, karatasi zimejikunja kwa unyevu. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mijusimaji, za kati za mimea, na kuanzia thelathini na tano zilikuwa za watu. Wale wakusanyaji walikuwa wamewaandika na watu pia. Waliwaita wapande vilimani, wakawapima uzito kwa mizani ile ile ya wanyama, wakaandika. Ukurasa wa arobaini, mstari wa sita: *Mtoto wa kiume. Uzito, kilo sita na nusu. Jina, Senkondo. Mahali, Kambi ya Nne.*

"Watu wa Bondeni hawaajiriwi Jumbani," alisema Mrutu kwa upole. "Kinachoandikwa hakishiki kalamu. Wewe uliajiriwa kwa sababu mstari huu unasema u mtu wa Kambi. Ukiufuta, si tu kwamba huna kazi. Huna kwenu, huna tarehe, huna jina lililothibitishwa. Nakwambia kama ndugu. Hakuna kitu kisichoandikwa."

Nakiete alikuwa amesimama nyuma yao, akiusoma mstari ule. "Kilo sita na nusu," alisema. "Mtoto wa Namsifu! Aliyewapikia wakusanyaji, akaondoka nao, hakurudi. Wewe hukuzaliwa kambi yoyote, weee. Ulizaliwa nyumba ya tatu kutoka chemchemi, mvua inanyesha, na mkunga alikuwa shangazi yangu, na ulikuwa na kichwa kikubwa mpaka watu wakamcheka baba yako. Tulikupandisha kilimani mgongoni, ukalia njia nzima."

Senkondo alisubiri afurahi. Alisubiri pia aogope. Alikaa kati ya hayo mawili kama mtu aliyefika kituoni mapema, na hakuna lililofika.

Nimezaliwa pale waliponipima. Hapana. Nimezaliwa pale nilipolia. Hapana, nililia njia nzima. Mtu ni wapi? Ni jiwe la konokono. Ni chupa. Miaka yote nimeandika wengine, nimeandika kobe, nimeandika kunguni, nimeandika ndege ambao sauti zao sikuzisikia, na mkono wangu ulikuwa umeandikwa. Lebo inaandika lebo. Nikifuta, nani amefuta? Kama sipo, kosa ni la nani? Na kama nipo, mbona sisikii kitu?

Alichukua wino mwekundu. Alipiga mstari kwenye Kambi ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Hakusita kwenye ya Nne; kama alisita, ilikuwa ni kalamu. Alipofika ya Saba alifungua ukurasa wa arobaini akaukata wote kwa wino, kona kwa kona, na kurasa nyingine za watu akazikata hivyo hivyo. Mrutu alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama mwenzake akivua nguo kuingia maji ya baridi.

"Basi Bonde halizamishwi," alisema Nakiete. "Sema. Nataka kusikia mtu wa humu ndani akisema."

"Halizamishwi," alisema Mrutu. "Kiumbe wa mahali pamoja, mahali pake hapazamishwi. Hicho ni kifungu cha kwanza."

"Kuna cha pili?" aliuliza Senkondo.

"Wewe unakijua. Umekinakili mara nyingi. Mahali pa kiumbe wa mahali pamoja, binadamu hakai. Wataweka uzio. Watu watahamishwa Alhamisi, badala ya kuzamishwa Alhamisi. Wataachiwa kuchukua milango ya nyumba zao kama ni ya mbao."

Nakiete aliketi sakafuni, taratibu, miguu mbele, karibu na beseni lake. Hakulia. Aliangalia yule kiumbe mweusi akitembea ukingoni mwa plastiki, akigeuka, akitembea tena.

"Kumbe wewe ndiye mwenye shamba," alimwambia.

Kisha Nakiete aliinua kichwa. "Kifungu chenu kinasema binadamu."

"Ndiyo," alisema Mrutu.

"Sisi tumeandikwa wapi kwamba ni binadamu?"

Mrutu alitazama kitabu. Kurasa za watu zote zilikuwa na msalaba mwekundu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana mzee kabisa.

"Hapakuwa na kitabu kingine," alisema Senkondo. Aliongea kwa sauti ile ile aliyosomea namba za rafu. "Kitabu hiki ndicho kilichowaandika watu, na kimefutwa. Watu wa Bondeni hawajaandikwa kuwa kitu chochote. Na lebo ya mjusimaji bado tupu."

"Huwezi," alisema Mrutu.

"Fomu ya lebo inauliza sura ya kiumbe, mwenendo wake na makazi yake. Haiulizi miguu mingapi." Alimgeukia Nakiete. "Mama, nikiandika, hakuna wa kuwahamisha. Sheria itawalinda kama inavyomlinda huyu. Lakini hamtakuwa watu tena mbele ya mtu yeyote mwenye mhuri. Hamtashitaki. Hamtapiga kura. Shule ya binadamu itafungwa."

"Shule ile haina mwalimu tangu Jumatano."

"Nasema kweli, mama. Watakuja kuwatazama. Watawahesabu. Mkifa wataandika mmepungua."

Nakiete alifikiri. Alifikiri kama watu wanaolima wanavyofikiri, akiangalia mikono yake mwenyewe. "Mimi nimeitwa mengi," alisema mwishowe. "Nimeitwa mama, nimeitwa mchawi, nimeitwa wewe-njoo-hapa na watu wadogo kwangu. Sijawahi kuitwa jina nikaachiwa shamba." Akafikiri tena. "Wenzangu wataniua."

"Wakikukatalia, uje nifute."

"Utakuwa na kalamu?"

Senkondo alivuta lebo tupu, akachovya, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka, wa miaka yote ile.

*Mjusimaji. Aina moja. Ngozi laini, isiyo na magamba. Huishi majini na nchi kavu. Wa majini ana mkia na hula konokono mweupe. Wa nchi kavu hana mkia, husimama wima, hulima mahindi na maharage, hucheka sana, huzika wafu wake mashariki ya chemchemi. Wa majini na wa nchi kavu hawawezi kuishi wakitenganishwa. Makazi: chemchemi moja, Bondeni, hapatikani pengine popote. Wa nchi kavu: kaya thelathini na nane, na mmoja asiye na kaya.*

Akaweka tarehe. Alhamisi.

Mwanga wa dirishani ulibadilika, kidogo tu, kama mtu aliyepisha njia. Mrutu alisoma lebo mara tatu. Alitafuta kosa, na alikuwa mtu hodari wa kutafuta makosa. Sura ipo. Mwenendo upo. Makazi yapo, na kielelezo kipo, kwani wale saba walikwisha miminwa kwenye chupa moja, na wino umekauka. Alipiga mhuri. Kisha alinyoosha mkono akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa Senkondo bila kusema samahani, na tangu hapo hakumtazama usoni tena. Alimtazama begani, ubavuni, magotini, kama anayekadiria urefu.

"Wa nchi kavu, wawili," aliiambia hewa. "Dume na jike. Warudishwe makazini."

"Twende, mwana wa Namsifu," alisema Nakiete, akajitwika beseni.

Walishuka ngazi. Mlango mkubwa wa Jumba ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na kitabu cha kuandika wanaotoka. Alimjua Senkondo miaka mingi; alikuwa ameinua mkono amsalimie, lakini tangazo la lebo mpya lilikuwa limekwisha mfikia, na mkono ulibaki juu haujui la kufanya. Akaushusha. Akafungua kitabu. Safu ya kwanza ilikuwa ya watu. Aliweka kidole hapo, akakiondoa. Safu ya pili ilikuwa ya mizigo. Akamtazama Nakiete, akaona haya, akaondoa kidole na hapo.

"Sasa hawa ninawaandika wapi?" alijiuliza.

"Usijisumbue, baba," alisema Nakiete. "Fungua tu."

Alifungua. Walitokea kwenye jua la Alhamisi, wakashika njia ya kuteremka, naye akafunga nyuma yao na kurudi kwenye kiti chake. Hakuandika kitu. Kwa hiyo kitabu cha mlangoni kinaonyesha mpaka leo kwamba Senkondo hajatoka, na kila mwisho wa mwezi hutumwa mtu kumtafuta kwenye rafu.